UFAHAMU: BARABARA NI YA NANI?

Kifungu hiki kinahusu jambo ambalo huenda unakumbana nalo kila asubuhi ukienda shuleni. Kisome mara mbili: kwanza upate wazo kuu, kisha urudie ukiwa na maswali akilini. Jibu maswali yote kabla ya kutazama mwongozo.

Soma kifungu kifuatacho kisha ujibu maswali. (Alama 15)

Kabla ya motokaa kuvumbuliwa, barabara ilikuwa uwanja wa wote. Wachuuzi waliuza bidhaa humo, watoto walicheza, na mtu alivuka popote alipotaka. Mambo yalianza kubadilika mwishoni mwa karne ya 19. Mnamo Agosti 1896, mwanamke aitwaye Bridget Driscoll aligongwa na motokaa jijini London akafa. Anatajwa kuwa mtembea kwa miguu wa kwanza kuuawa na motokaa nchini Uingereza.

Magari yalipoongezeka nchini Marekani katika miaka ya 1920, vifo viliongezeka pia. Mwanzoni, wananchi wengi waliwalaumu madereva. Wenye magari na waliofanya biashara ya magari wakaanzisha kampeni za kumfanya anayevuka ovyo aonekane mshamba asiyejua mji. Mnamo 1925, jiji la Los Angeles lilipitisha sheria za kuwabana watembeao kwa miguu wavukie mahali maalumu. Aliyekuwa mwenyeji wa barabara akageuka mgeni.

Hapa kwetu Kenya, Barabara Kuu ya Thika, yenye urefu wa takriban kilomita 50, ilifunguliwa rasmi mwaka 2012. Iliwafupishia wenye magari safari, lakini ikawarefushia wapita njia. Aliyezoea kuvuka kwa hatua chache alilazimika kutafuta daraja la juu. Wengine waliruka vizuizi na kukimbia katikati ya magari. Ni rahisi kuwaita wakaidi. Hata hivyo, mama aliyejitwika mzigo na mzee anayetembelea mkongojo wanajua kuwa daraja lililo mbali nalo ni kizuizi.

Kiini cha hatari ni kasi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husonga takriban mita 14 kwa sekunde moja, kabla hata dereva hajakanyaga breki. Kasi ikiongezeka maradufu, umbali ambao breki zinahitaji kulisimamisha gari huongezeka mara nne. Ndiyo maana Uswidi, mnamo 1997, ilianza kufuata sera inayokubali kuwa binadamu hukosea, hivyo barabara ijengwe ili kosa hilo lisiue. Barabara nzuri haimhukumu mtu kifo kwa sababu ya hatua moja.

Maswali

(a) Eleza jinsi barabara ilivyotumiwa kabla ya motokaa. (alama 2)
(b) Onyesha jinsi lawama ilivyohamishwa kutoka kwa dereva hadi kwa mtembea kwa miguu nchini Marekani. (alama 4)
(c) Eleza athari tatu za Barabara Kuu ya Thika. (alama 3)
(d) Mwandishi ana msimamo gani kuhusu wanaovuka bila kutumia daraja? Thibitisha. (alama 4)
(e) Eleza maana ya: (i) wakaidi (ii) kiini (alama 2)

Mwongozo

Swali (b) lina alama 4, kwa hivyo toa hoja nne kwa mfuatano: madereva walilaumiwa; kampeni zikaanzishwa; anayevuka akadharauliwa; sheria ikambana. Usinakili aya nzima.

Swali (d) huwaponza wengi. Watahiniwa huandika kuwa watu watumie madaraja. Huo ni ushauri mwema, lakini si jibu la swali. Mwandishi anawaelewa wapita njia: anasema ni *rahisi* kuwaita wakaidi, kisha anaanza sentensi inayofuata kwa *hata hivyo*. Thibitisha kwa kumtaja mama mwenye mzigo au mzee wa mkongojo. Katika ufahamu, viunganishi kama *lakini* na *hata hivyo* mara nyingi ndivyo vinavyokuonyesha moyo wa mwandishi ulipo.

Katika (e), toa maana kulingana na muktadha: (i) watu wasiotaka kutii, (ii) chanzo au jambo lenyewe hasa.

Kumbuka pia: kumwelewa anayekimbia kati ya magari si kumwiga. Kesho asubuhi, hata ukiwa umechelewa, tafuta kivuko. Mtihani unaweza kurudiwa.