Somo: Kutenga Mafuta ya Mawese na Maji

Mkulima wa Kyela, kaskazini ya Ziwa Nyasa, apikapo mawese huifanya kazi ya kemia bila kuiita kwa jina hilo. Chikichi zikiisha kuchemshwa, kutwangwa na kukamuliwa, kipatikanacho si mafuta matupu, bali ni mchanganyiko wa mafuta, maji na makapi.

Mchanganyiko huo hutenganishwa kwa hatua tatu. Kwanza, kuchuja: makapi hubaki katika chujio. Pili, kutuamisha: mafuta hayayeyuki katika maji, na kwa kuwa ni mepesi kuliko maji ya ujazo ule ule, huelea juu, yakaenguliwa kwa upawa. Tatu, kukausha: mafuta yaliyoenguliwa bado yana matone ya maji. Yakipashwa moto wa wastani, maji huchemka karibu na nyuzi 100 za sentigredi yakatoka kama mvuke, na mafuta hubaki. Mlio wa kutatarika ukikoma, maji yamekwisha.

Hatua hii ya tatu ndiyo irukwayo na wenye haraka, maana maji hujaza debe. Lakini maji yakibaki, mafuta huvunjika polepole na kutoa asidi, yakachacha, na mnunuzi akayakataa. Debe moja likimiminwa katika pipa la chama huweza kuwatia hasara wanachama wote. Kwa hiyo mpokeaji achote mafuta kidogo kutoka chini ya debe, ayapashe moto kwa uangalifu katika kijiko kikavu. Yakitatarika, yarudishwe kwa mwenyewe yakakaushwe.