KADI ISIYOULIZA NAMBA YA SIRI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Siku moja darasani mwanafunzi aliniuliza: "Ustadh, nikiokota kadi ya benki, ile unayoigusisha tu kwenye mashine na malipo yanapita, nikanunua soda moja, nani atajua?" Wenzake walicheka, lakini swali lake ni zito. Tulijibu kwa elimu mbili: ya kifaa chenyewe na ya sharia.

1. Kadi hufanyaje kazi?

Ndani ya plastiki mna chipu ndogo na waya mwembamba uliozungushwa kama koili. Waya huo ndio antena. Betri hamna. Mashine ya malipo hutoa nguvu ya sumaku inayobadilika mara milioni 13.56 kwa sekunde. Kadi ikisogezwa karibu, kiasi cha sentimita 4 hivi, umeme huzalika ndani ya waya na chipu huamka. Kanuni hii ya sumaku kuzalisha umeme aliionyesha Michael Faraday mwaka 1831.

Chipu ya kadi ya benki hutengeneza alama ya siri kwa malipo hayo tu. Malipo yanayofuata hupata alama nyingine, hivyo aliyeinasa ya leo hawezi kuitumia tena kesho.

2. Zilianzia wapi?

Hong Kong ilianza kutumia kadi ya Octopus kwa nauli mwaka 1997, na London kadi ya Oyster mwaka 2003. Kadi za benki za namna hii ziliingia Uingereza mwaka 2007, zikiruhusu malipo yasiyozidi pauni 10 bila namba ya siri. Mwaka 2021 kiwango kilipandishwa hadi pauni 100.

3. Sharia inasemaje?

Suratun Nisaa, aya ya 29, inakataza kula mali za watu kwa batili na inataja biashara ya kuridhiana. Je, mwenye kadi ameridhia? Hapana. Benki iliacha kuuliza namba ya siri ili kumrahisishia mwenye mali, haikumhalalishia aliyeiokota. Mlango ulioachwa wazi si ruhusa ya kuingia.

Kitu kilichookotwa, yaani luqata, ni amana mkononi mwa aliyekiokota, na hutafutiwa mwenyewe. Kadi ina jina la benki juu yake, basi ipelekwe huko au polisi. Msiitangaze kwa kusambaza picha yake, maana mtakuwa mmetoa namba zake hadharani. Na aliyekwisha kuitumia, toba yake haitimii mpaka arudishe haki ya mja, hata ikiwa ni bei ya soda.

4. Kwa wazazi

Kadi ikipotea, ipigieni simu benki mara moja ili ifungwe. Someni taarifa za akaunti kila mwezi.

Sasa tumjibu ndugu yetu: nani atajua? Benki ina kumbukumbu ya saa na duka. Na hata kama isingekuwa nayo, Mwenyezi Mungu anajua, na Yeye hahitaji mashine.

MAZOEZI
(a) Kwa nini kadi hii haihitaji betri?
(b) Taja hatua mbili za kuchukua ukiokota kadi.
(c) Eleza tofauti ya kurahisishiwa na kuruhusiwa.

Wabillahi tawfiq.