Ikwalaiza na Limita: Vyombo Viwili Visivyotenganishwa

Sharika nyingi sasa zina vipaza sauti, na nyingine zimekwisha kununua prosesa ya dijiti, yaani kile kisanduku kikaacho kati ya miksa na amplifaya. Ndani yake mna vyombo viwili tupendavyo kuvieleza pamoja, maana watu huvitumia kana kwamba havijuani: ikwalaiza ya parametiki na limita.

Ikwalaiza yenye safu ya vitelezi huja na masafa yaliyokwisha kupangwa kiwandani. Ile ya parametiki, ambayo Mmarekani George Massenburg aliieleza katika makala ya mwaka 1972, humpa fundi mamlaka juu ya mambo matatu: masafa yatakayoguswa, desibeli za kuyapandisha au kuyashusha, na upana wa mahali panapoguswa. Upana huonyeshwa kwa herufi Q. Ukichagua hezi 1000 kwa Q ya 4, upana ni hezi 250, maana 1000 imegawanywa kwa 4. Basi Q ikiwa kubwa, mahali ni pembamba.

Maikrofoni ikipiga mluzi, mluzi ule una masafa yake mamoja. Yatafuteni, myashushe desibeli chache kwa Q kubwa, na maneno ya msemaji hayatadhurika. Lakini sauti yote ikiwa na mvumo mzito, shusheni eneo pana, mara nyingi kati ya hezi 200 na 300, kwa Q ndogo.

Kushusha hakuna hatari kubwa. Kupandisha ndiko kunakowakwaza wengi. Mtu husikia besi imepungua penye viti fulani, naye huiongeza. Asijue kwamba desibeli 3 zataka nguvu maradufu, na desibeli 6 karibu mara nne: kipaza kilichopokea wati 50 katika masafa yale sasa chaombwa wati 200. Tena huenda upungufu ule watokana na sauti irudiyo kutoka ukutani, ikikutana na ile itokayo kipazani, zikafutana. Ukiongeza, zote mbili zaongezeka, nazo zafutana kama kwanza. Hapo ni afadhali kusogeza kipaza. (Kazi hiyo haina gharama, labda ndiyo sababu haipendwi.)

Limita ni bawabu. Sauti ikipita mpaka uliowekwa, huishusha. Isipopita, huiacha kama ilivyo. Mpaka hauwekwi kwa kubahatisha. Tuseme kipaza cha omu 8 huweza kuchukua wati 200. Zidisheni 200 kwa 8, mpate 1600. Kipeuo chake cha pili ni 40, nazo ndizo volti zake. Kama amplifaya hukuza volti mara 40, basi prosesa isitoe zaidi ya volti 1, ambayo ni karibu dBu 2.2. Huo ndio mpaka wa kukizuia kipaza kisiungue kwa joto la muda mrefu. Vilele vya ghafula huwekewa mpaka wa juu zaidi, wenye kutenda upesi. Lakini kwa besi msizidi upesi: wimbi moja la hezi 100 huchukua milisekunde 10, na limita inayokamata na kuachilia kwa muda mfupi kuliko huo hulipinda wimbi lenyewe, sauti ikakwaruza.

Sasa tazameni jinsi vinavyohusiana. Limita hukaa mwisho, baada ya ikwalaiza. Besi iliyopandishwa desibeli 6 itaufikia mpaka kabla ya sauti nyingine, na kama limita ni moja kwa sauti yote, kila ngoma ipigwapo waimbaji nao hushushwa. Watu husikia maneno yakizama na kuibuka. Ndipo mtu asemapo, “Limita hii ni mbovu,” akauinua mpaka. Na baada ya siku chache koili ya kipaza imeungua. Kosa halikuwa la limita. Irudisheni ikwalaiza chini kwanza, kisha msikilize tena.

Na jambo moja zaidi: hesabu ile ya volti husimama juu ya ukuzaji wa amplifaya. Mkiisha kuipima, vifundo vyake visiguswe, wala amplifaya isibadilishwe kwa nyingine pasipo kuhesabu upya, kwa kuwa prosesa haina njia ya kujua yaliyotendeka mbele yake.