SOMO LA 12: CHAKULA CHA MZEE ANAYEPASULIWA

Katika somo hili tutasoma habari za mgonjwa mzee mwenye saratani. Wengi huiita kansa. Tutajifunza kwa nini mgonjwa huyo anahitaji kula vizuri kabla ya kupasuliwa na baada ya kupasuliwa.

Habari ya Bibi

Tuchukue mfano wa familia moja. Bibi mwenye miaka 70 anaishi na mwanawe na mkwewe katika kijiji kimoja cha Dodoma. Kila mwaka analima uwele wake mwenyewe. Mwaka mmoja akaanza kupata choo chenye damu. Akakonda, hata bangili zikawa zinateleza mkononi.

Mganga wa zahanati akampeleka hospitali ya mjini. Huko akapimwa. Akaonekana ana uvimbe wa saratani katika utumbo mpana. Akaambiwa arudi baada ya wiki 3 ili apasuliwe.

Nyumbani majirani walikuja kumpa pole. Mmoja akasema, "Uvimbe huo unakula chakula chake. Mnyimeni chakula, uvimbe utakufa njaa." Mkwewe akaanza kumpa uji mwepesi wa maji. Mayai akayauza ili wapate nauli. Alifanya hivyo kwa upendo, lakini alikosea.

Siku ya kurudi hospitali ilifika. Bibi akapandishwa kwenye mizani. Alikuwa na kilo 50. Kadi yake ilionyesha kwamba miezi 6 kabla ya hapo alikuwa na kilo 56.

Daktari akasema, "Bibi, sitakupasua wiki hii. Nitakupasua baada ya siku 14. Kwanza ule."

Mwanawe akashtuka. "Daktari, uvimbe hautazidi?"

Daktari akajibu, "Siku 14 hazitaleta tofauti kubwa kwa uvimbe huu. Lakini mwili dhaifu haufungi kidonda upesi. Mshono unaweza kuachia. Usaha unaweza kuingia. Hilo naliogopa zaidi."

Kwa nini chakula?

Uvimbe wa saratani haufi kwa njaa. Ukimnyima mgonjwa chakula, mwili wake huanza kula misuli yake. Anayedhoofika ni mgonjwa.

Mwili wa mzee una akiba ndogo. Ni kama ghala letu mwezi wa Januari, mavuno ya zamani yanapokwisha na mapya bado. Kupasuliwa ni kazi nzito kwa mwili. Mwili unahitaji chakula ili ushone nyama, ujenge ngozi na upigane na vijidudu.

Kumbuka kipimo hiki. Mtu akipoteza sehemu 1 katika sehemu 10 za uzito wake kwa miezi 6, bila kukusudia, hiyo ni hatari. Bibi alikuwa na kilo 56. Sehemu ya kumi ni kilo 5.6. Yeye alipoteza kilo 6.

Tufanye hesabu

Kile kinachojenga mwili ndani ya chakula huitwa protini. Mgonjwa anayepasuliwa huhitaji gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kila siku. Bibi ana kilo 50. Kwa hiyo anahitaji gramu 60 hadi 75 kwa siku.

Tazama chakula cha siku moja. Vipimo hivi ni vya kukadiria:

Mayai 2: gramu 12
Maziwa, vikombe 2 vya robo lita: gramu 16
Karanga, konzi 1: gramu 7
Kunde zilizopikwa, kikombe 1: gramu 13
Unga wa uwele wa uji na ugali, gramu 200: gramu 20
Jumla: gramu 68

Vyakula hivi vyote vinapatikana vijijini kwetu. Mkwe wa Bibi aliacha kuuza mayai. Alipika uji wa uwele kwa maziwa, akatia karanga zilizotwangwa. Kunde alizipondaponda kwa sababu Bibi hana meno mengi.

Chagua karanga na nafaka kwa uangalifu. Tupa zilizoota ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo pia huleta saratani ya ini. Kupika hakuiondoi.

Mambo ya kufuata

1. Mwambie daktari kama mgonjwa amekonda. Usimfiche.

2. Mpe chakula kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku. Mzee mgonjwa hawezi kumaliza sahani kubwa.

3. Siku ya kupasuliwa, fuata amri ya hospitali juu ya saa ya kuacha kula na kunywa. Usimpe uji kwa siri. Akilazwa kwa dawa ya usingizi, chakula kinaweza kupanda na kuingia mapafuni.

4. Baada ya kupasuliwa, mwulize muuguzi ni lini aanze kunywa na kula, na ale nini kwanza. Chakula unachopeleka wodini kiwe cha kujenga mwili, siyo uji mtupu.

5. Msaidie kukaa na kutembea mapema, kama muuguzi alivyoelekeza. Misuli isiyotumika hupungua hata kama mgonjwa anakula.

6. Mrudishe hospitali upesi ukiona homa, usaha, mshono kuachia, kutapika, tumbo kujaa au mguu mmoja kuvimba.

7. Usiahirishe upasuaji kwa uamuzi wako. Ni daktari anayepanga siku.

Mwisho wa habari

Bibi alipasuliwa baada ya siku 14. Siku ya pili aliketi kitandani. Siku ya tatu alitembea hadi mlangoni, ameshikwa mkono na mkwewe. Kidonda kilifunga. Baada ya miezi 2 alikuwa na kilo 52. Bado anakwenda hospitali kupimwa, kwa maana saratani huweza kurudi. Bangili zake hazitelezi tena.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya mwaka 1975 iliyoitwa Chakula ni Uhai. Vikundi vilikaa pamoja, vikasikiliza redio na kusoma. Maneno hayo yanamfaa pia mgonjwa wa saratani.

Maswali

1. Majirani walisema nini? Kwa nini si kweli?
2. Kwa nini daktari alingoja siku 14?
3. Mzee wa kilo 40 anahitaji gramu ngapi za protini kwa siku?
4. Zungumzeni kikundini: nyumbani kwenu nani hula mayai? Mzee mgonjwa hupata?

Kazi ya kufanya

Andika katika daftari lako chakula cha siku moja cha mzee anayejiandaa kupasuliwa. Tumia vyakula vilivyoko nyumbani kwako leo.