Dondoo muhimu: Ukienda kuizuru merikebu Cutty Sark

Merikebu hii ya matanga iliundwa 1869 kubeba chai kutoka China. Leo iko Greenwich, London, na unaingia hadi ngamani.

1. Vaa viatu bapa vyenye soli ya mpira. Sitaha ikilowa huteleza.
2. Begi kubwa liache ulikofikia.
3. Inama mlangoni mwa vyumba vya mabaharia, kisha tazama vile vitanda vyembamba walivyolalia miezi kadhaa.
4. Mtoto mshike mkono kwenye ngazi.
5. Wengi hukosea: wakishafika sitaha ya juu huondoka. Teremka hadi chini ya mkuku, uone shaba ya manjano iliyofunika mbao zisitobolewe na wadudu wa baharini wala kuota magugu ya kuipunguzia mbio.