Toka Gesti, Nenda Ukale

Mwanangu, barua yako nimeisoma jioni, nikairudia asubuhi, maana kuna jambo ulilolizunguka mwanzo mpaka mwisho bila kulitaja. Nitalitaja mimi, usikasirike.

Unasema una miaka 26, umeajiriwa mwaka jana na taasisi inayokagua vitabu vya SACCOS, makazi yako ni Dodoma, na kazi yenyewe ni ya mguu njiani: leo Singida, wiki ijayo Tabora, mwezi ukigeuka uko Kigoma. Kazi unaipenda. Kinachokutesa ni saa ya kula. Ukiwa mji wa watu unashindwa kuingia hotelini ukakaa peke yako mezani. Unapita mbele ya mlango mara mbili, tatu, simu sikioni na hakuna unayeongea naye, mwishowe unaishia dukani, unanunua biskuti na juisi ya boksi, unarudi gesti kujifungia. Kule Tabora ulishikwa na kizunguzungu mbele ya katibu, daftari la mikopo liko wazi, tarakimu zikawa zinakuchezea. Wenzako wakienda kula nyama choma jioni hufuatani nao, na sasa wamekupa jina la Sista. Ukamalizia kwa kuniuliza, "Shangazi, nina kasoro gani?"

Huna kasoro. Una aibu, na tena ni aibu uliyofundishwa. Umenieleza kuwa mama alikulea akikwambia kila siku kwamba mtoto wa kike hali barabarani. Simlaumu mama, na wewe usimlaumu. Alikuwa anamlinda binti yake asipokee andazi la mtu asiyemjua na asizoee kudoea kwenye milango ya watu. Lakini binti huyo alikuwa wa darasa la nne, na nyumbani kulikuwa na chakula kinamsubiri. Leo ukiwa Kigoma, nyumbani ni mbali, na hakuna aliyekubakizia chochote jikoni. Mpigie mama, mwambie unalala na biskuti kwa sababu ya neno lake. Nakuhakikishia atakuwa wa kwanza kukufokea.

Sasa hao watu wanaokutazama. Unasema ukitia mguu tu hotelini, wote wanageuka. Ni kweli, wanageuka. Katika mji mdogo mgeni hutazamwa, awe mwanamume, mwanamke au mzee mwenye mkongojo. Watu wanataka kujua umeshuka basi gani na umefuata nini. Kisha supu inaletwa, kila mtu anarudi kwenye bakuli lake. Shida yako ni kwamba hujawahi kukaa ukaona macho hayo yakiondoka. Kila mara umetoka mbio yakiwa bado yako juu yako, ukabeba picha hiyo hadi chumbani ukaamini ndivyo ingekuwa mpaka mwisho.

Na lile ulilolizunguka ni hili: unaogopa watadhani unajiuza. Mwanangu, nenda saa saba mchana kwenye hoteli yoyote iliyo karibu na stendi, halmashauri au hospitali ya mkoa, uwatazame wanawake waliokaa peke yao. Utamkuta muuguzi aliyetoka zamu, mwalimu aliyekuja kufuatilia uhamisho wake, mama wa biashara aliyesukuma mabegi ya nguo chini ya meza akisubiri gari la jioni. Wanakula, wanalipa, wanaondoka. Mwanamke anayekula peke yake ana njaa. Hakuna habari nyingine pale.

Wasumbufu wapo, sitakudanganya. Ndiyo maana unapoingia msalimie mwenye hoteli kwanza, tena kwa sauti, kisha ukae karibu na jiko au kaunta. Akija mtu ambaye hukumkaribisha, mwambie, "Samahani kaka, nakula," urudi kwenye sahani yako. Akiendelea, mwite mama mwenye hoteli. Pale ni kwake na jina la biashara ni lake, mara nyingi atamwondoa kabla hujamaliza kueleza. Soda usiyoagiza usiipokee. Jina la gesti unayolala usimtajie mtu. Chakula cha usiku kile mapema, kabla baa za jirani hazijachangamka, na bodaboda ya kukurudisha iwe ile uliyoelekezwa na watu wa gesti.

Tuje kwenye namna ya kuanza. Anza na asubuhi. Asubuhi ni nyepesi kwa mwenye haya, kwa sababu kila mtu ana haraka: anakunywa supu amesimama nusu, anamalizia chapati, anakimbilia kazini. Usimuulize dada wa mapokezi hoteli nzuri iko wapi, kwa maana atakupeleka penye viti vya kupendeza. Muulize, "Wewe mwenyewe unakula wapi?" Hapo atakutajia mama fulani nyuma ya soko, na atakuelekeza mpaka rangi ya mlango.

Ukifika, uliza leo kuna nini. Ubao wa chaki ukutani usiuamini sana, nusu ya vilivyoandikwa huenda vimekwisha. Uliza na bei kabla hujapakuliwa, hakuna atakayekuona bahili. Kama sahani za watu zinakutisha kwa ujazo, sema akupakulie wali kidogo. Meza zikiwa zimejaa, omba nafasi ukae na watu. Jirani akikukaribisha kwenye sahani yake, mjibu, "Starehe," mkaendelea kila mtu na chake. Hakuna mazungumzo mengine unayodaiwa.

Na hapa nikugombeze kidogo. Umefika Kigoma, umelala siku kadhaa kando ya Ziwa Tanganyika, ukarudi Dodoma hujaonja mgebuka! Singida, ambako wasafiri wanashuka kwa ajili ya kuku wa kienyeji tu, wewe ulikuwa chumbani unakung'uta makombo ya biskuti kitandani. Siku watakayokutuma Mwanza, sato yupo. Wakikutuma Moshi, kuna mtori wa asubuhi. Ukivuka kwenda Unguja, shuka Forodhani jioni, na mchana utafute bakuli la urojo. Ila ikiwa ni mwezi wa Ramadhani ujipange mapema, maana Unguja na Pemba sehemu nyingi za kula hazifunguki mpaka magharibi. Nchi unaijua kwa vitabu vya hesabu vya watu wake. Ijue na kwa vyungu vyao, utakuja kunishukuru.

Najua utaniambia habari ya tumbo. Mwenzako aliharisha baada ya kula kwa mama lishe, na wewe tangu siku hiyo ukaapa hutakula pasipo na kitambaa mezani. Mwanangu, kitambaa hakipiki. Shirika la Afya Duniani lina kanuni tano za chakula salama, na nyingi unaweza kuzikagua kwa macho yako mwenyewe, wewe ambaye ukaguzi ndiyo kazi yako: mikono na vyombo viwe safi, kibichi kisigusane na kilichoiva, chakula kiive hasa, mpaka katikati kifike nyuzijoto 70, kilichokwisha kupikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, na kinachosubiri mlaji kiwekwe moto zaidi ya nyuzijoto 60, na maji yawe salama.

Mpe mama lishe mtihani huo. Sufuria ya maharage inatokota mbele yako, watu wanapanga foleni, ikifika saa nane ni ukoko tu uliobaki. Amefaulu. Sasa nenda kwenye ile hoteli ya vitambaa: trei zimepangwa vizuri, lakini moto wa chini ulizimika zamani na wali umekuwa vuguvugu tangu saa sita. Imefeli, hata kama mhudumu amefunga tai. Sisemi kila mama lishe ni msafi. Nasema tazama mambo yenyewe. Maji ya kuoshea vyombo yanabadilishwa, au ni ndoo ileile tangu alfajiri? Mkono unaopokea noti ndio huohuo unaokatia kachumbari? Nyama inafukuta mvuke, au inapashwa juujuu? Kachumbari na juisi ambayo maji yake huyajui, viache. Ndizi au chungwa unalomenya mwenyewe, kula bila wasiwasi. Ukiona pachafu, inuka, aga, nenda kwingine. Hakuna mkataba uliosaini.

Na tumbo likiharibika hata baada ya tahadhari, lisikutie kiwewe. Tembea na pakiti za ORS kutoka duka la dawa. Ukizikosa, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa, weka vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko visiwe vya kilima, koroga, unywe kidogokidogo. Ukiona damu, homa kali, au umelegea na mdomo umekauka, usijitibu chumbani, nenda hospitali.

Kuna jambo jingine uliloliandika kwa kupitia tu, mimi limenishtua. Unasema unaogopa njaa itakuletea vidonda vya tumbo, na papo hapo unasema kichwa kikiuma unameza diclofenac na soda, tumboni hakuna kitu. Vidonda vya tumbo kwa sehemu kubwa husababishwa na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori. Madaktari wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa ugunduzi huo. Kisababishi kingine kikubwa ni dawa za maumivu za aina hiyohiyo unayoimeza. Kwa hiyo unaogopa njaa, na cha kuogopwa zaidi kiko kwenye mkoba wako. Hicho kichwa na hicho kizunguzungu huenda ni mwili unadai chakula na maji tu, lakini usikisie. Nenda kituo cha afya, uwaeleze unavyokula na unavyomeza dawa, wakupime.

Kuhusu pesa nakuelewa kabisa. Mdogo wako yuko kidato cha tatu, na kila shilingi unayobana kwenye posho inakwenda kwake. Moyo huo naupenda, sitakwambia uuache. Ila kaa na kalamu ufanye hesabu ambayo ungeifanya kwa SACCOS yoyote. Pakiti mbili za biskuti, juisi ya boksi na soda ya kusukumia, jumla yake mara nyingi inakaribia sahani ya wali maharage na mchicha kwa mama lishe. Unachokiokoa ni kidogo kuliko unavyodhani, na unakilipa kwa akili iliyochoka saa tisa alasiri, wakati mtu anasubiri umwambie kama akiba yake iko salama. Ile inaitwa posho ya kujikimu. Jikimu kwanza, mlo mmoja kamili kwa siku usiojadiliwa, na kitakachobaki mtumie mdogo wako kwa roho nyeupe.

Nimalizie na wenzako, maana naona hapo ndipo panapouma zaidi. Umesema wanakutania kwa sababu hawakupendi. Hebu ukae upande wao kidogo. Kila jioni wanakuita, kila jioni unasema umeshiba, na wanajua hujala. Mtu wa hivyo unamwonaje? Wanaona umewatenga wewe. Jina la Sista linaweza kuwa ni kero, linaweza pia kuwa ni namna yao ya kukugongea mlango. Nyama choma za usiku si lazima uzipende, wala pombe zao hazikuhusu. Waambie wazi, "Usiku siwezi, ila mchana tule pamoja." Anza na yule dada mhasibu uliyesema ni mpole. Mwambie ukweli kwamba unaona haya kuingia peke yako. Kulisema jambo hilo kwa mtu mmoja kutakupunguzia mzigo kuliko ushauri wangu wote huu.

Umesema Jumatatu unaelekea tena Singida. Basi Jumanne asubuhi, kabla hujafungua daftari la mtu, ukae chini hotelini unywe supu na chapati mpaka umalize. Wiki hiyohiyo, mchana mmoja, ule na huyo dada. Na siku ukiamka huna nguvu za kukutana na macho ya watu, mwambie mama akufungie wali na kuku ukale chumbani, usijione umeshindwa. Sikukatazi kula chumbani. Nakukataza kulala na njaa kwa kuwaogopa watu ambao hata jina lako hawalijui.

Ukirudi Dodoma niandikie. Nataka kusikia kuku alikuwaje, na kituo cha afya wamekwambia nini.

Shangazi yako.