Wingu Kama Ishara: Filamu ya Riddick na Mtazamaji wa Eldas

Katika Riddick (2013), filamu iliyofuata Pitch Black (2000) na The Chronicles of Riddick (2004), mwelekezi David Twohy anamwacha mhusika wake mkuu peke yake katika sayari kame. Mhusika huyo anaunga mfupa uliovunjika, anauzoesha mwili wake sumu, anamlea mtoto wa mnyama afananaye na bweha. Hayo ni ya kawaida katika bunilizi za aina hii. Linalostahili kuchunguzwa ni wingu. Madubwana ya sayari hiyo huishi majini na matopeni. Kwa hivyo mvua ikinyesha, mauti huanza kutembea. Taharuki inajengwa juu ya mbingu zinazotanda weusi.

Je, ishara hiyo itapokewaje Eldas, katika Kaunti ya Wajir? Kwa mfugaji, wingu ni bishara. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa kutimia mfululizo, na mifugo ikafa kwa wingi. Aliyeyapitia hayo atamwona mtu anayeikimbia mvua kuwa kituko. Kisha mvua za mwisho wa 2023 zikaleta mafuriko Wajir, Mandera na Garissa, zikaangamiza hata mifugo iliyosalimika na ukame. Mtazamaji huyo akiirudia filamu leo, huenda hofu ile ikamwingia. Hata hivyo, katika filamu nzima hakuna mhusika anayeingoja mvua kwa ajili ya malisho.